Geti la Fundi Kufuli

4 Februari

Mdogo wangu Kofia Ngumu,

Salamu nyingi. Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu kwenye simu tunagombana kabla hata ya kujuliana hali, na Baba akisikia nimepandisha sauti huja kusimama mlangoni akauliza nani amekufa. Karatasi haipandishi sauti. Tena ukiichana mimi sioni.

Jumapili uliniuliza, kwa ile sauti yako ya kukagua watu kiwandani, "Huyo Baba anashinda akifanya nini mchana kutwa?" Nikakukatia simu. Sasa nakujibu.

Mpaka mwezi uliopita alikuwa anashinda akitikisa milango. Anaanza na wa jikoni, anakuja wa sebuleni, anamalizia geti, halafu anarudia. Ikifika jioni analia. Mimi huku napiga pasi nguo za watu, jicho moja kwenye pasi na jingine kwake, mpaka shati la mwalimu mkuu nikaliunguza mgongoni. Nesi wa kliniki akanieleza kwamba ugonjwa huu wa kusahau hula mambo ya juzi kwanza. Yale ambayo mikono imeyazoea hubaki nyuma. "Usimwache akae bure," alisema. "Mpangie siku yake. Mpe kitu ambacho kwake ni kazi kweli, si cha kupotezea muda."

Nikaanza na niliyoyaona rahisi. Nikampa nguo akunje: akazikunja, akazikunjua, akanirushia. Nikampa penseli za rangi na kitabu cha maua. Akanitazama sana. "Mama," alisema, maana siku hizi huniita mama kama mteja yeyote, "mimi ni mtu mzima mwenye familia." Niliona aibu, nikaenda kujifungia bafuni.

Ndipo nikakumbuka makufuli mabovu yaliyobaki alipofunga duka lake la kutengeneza kufuli. Nikachukua moja, nikatoka nje ya chumba chake, nikapiga hodi. "Fundi, hili limenikatalia." Usingeamini. Alivuta kiti, akavaa miwani, akalitikisa karibu na sikio. "Springi imechoka," akasema. Alikaa nalo mpaka mchana bila kutikisa mlango wowote.

Sasa siku yetu ina mpango. Asubuhi anafagia uwanja, hata kama hakuna jani lililoanguka. Akishakunywa chai "anafungua duka", yaani meza ya dirishani niliyoitandika kitambaa. Mteja ni mimi. Naleta kufuli, ananigombeza kwamba nimelitia mafuta ya kupikia. Mchana analala. Jioni, ule wakati wake mbaya, tunapanga funguo kwa ukubwa huku mimi naimba vibaya makusudi ili anirekebishe. Halii tena. Au niseme kweli, halii kila siku.

Kwa hiyo ule mpango wako wa makao ya wazee naomba uuweke chini. Tulikubaliana tungoje hadi mwisho wa Machi tuone. Basi ona. Najua nje malori yanapita kama yanafukuzwa, lakini geti nalifunga mwenyewe.

Dada yako

11 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua nimeipata. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hapo kwenye shati la mwalimu mkuu, mara ya pili sikucheka.

Unaijua kazi yangu. Hapa kiwandani wameniajiri nione ajali kabla haijatokea, na wenzangu wananiita mchawi. Hebu tuisome barua yako kichawi. Bisibisi. Tupa ya kukwangulia chuma. Springi ya kumrukia mtu jichoni. Vipande vidogo ambavyo mgonjwa anaweza kumeza. Wewe umeshika pasi ya moto umempa mgongo. Na juu ya yote, mtu anayetaka kutoka nje kutwa nzima unamnoa mikono afungue makufuli! Dada, jisomee sentensi hiyo kwa sauti.

Nimekwenda kuyaona makao. Ni pasafi. Matroni ni mtu mzima, anaongea taratibu. Ratiba iko ukutani: kunyoosha viungo, mpira laini, televisheni, kupaka rangi. Najua utasema nini kuhusu kupaka rangi. Lakini mlangoni kuna mtu usiku na mchana, na kitanda kipo.

Sivunji makubaliano. Mwisho wa Machi ni mwisho wa Machi. Ila nami nina sharti langu: akitoka nje ya geti peke yake, hata mara moja tu, maneno yamekwisha, nakuja kumchukua. Usidhani wewe ndiye unayempenda peke yako. Nikisikia lori likipiga breki hapa nje moyo unanipasuka, nikidhani ni yeye, na yeye yuko mbali nami siku nzima ya safari.

Dereva wetu anapita huko wiki ijayo. Nimempa kufuli jipya la geti, aina ile tunayofungia stoo ya kemikali. Litundike siku hiyo hiyo.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini tuyaache hayo. Kufuli limefika na nimelitundika. Ni zito mpaka geti limeinama.

Dereva alifika wakati Baba "yuko kazini". Wewe umezaliwa nyumba hii, unajua: hapa kufuli halitundikwi kabla Baba hajalikagua. Ulipokwenda shule ya bweni hukuruhusiwa kutoka mpaka kufuli la sanduku lako liwe vipande mezani na liungwe upya. Sasa ningempitishia kufuli kama hili puani, kisha nilitundike mwenyewe? Ningelala? Nikampa.

Ungeuona uso wake! Chai ilipoa. Alilitoa matumbo yote, akayapanga kwenye kitambaa, akalirudisha kama lilivyokuwa, akanikabidhi. "Mama," akasema, "hili ndilo kufuli. Hayo mengine ni mapambo." Tangu Mama atutoke sijaona siku nzuri kama hiyo. Nilitamani uwepo.

Springi usiziogope, nilikaa ubavuni mwake. Tupa nimeificha juu ya kabati. Usalama wako umetimia, bwana mkubwa. Lala.

Dada yako

2 Machi

Dada,

Shikamoo. Kwa hiyo kufuli la kumzuia mtu umempa mwenyewe alikague kwanza. Nilimsimulia dereva, akacheka mpaka akaegemea gari. Mimi nilishindwa kucheka. Nikajipa moyo kwamba mtu aliyesahau jina langu hawezi kukumbuka matumbo ya kufuli la siku moja.

Sasa jana muuza mboga wa pale kona amenipigia simu. Alizunguka weee, mara watoto hawajambo, mara nyanya zimeadimika, mwisho akasema amemwona Baba asubuhi karibu na kituo cha mafuta, peke yake, akitembea kama mtu aliyechelewa. Akaongeza kwamba labda amemfananisha. Nani atafananisha mwendo ule?

Sikuulizi kwa hasira. Ametoka au hajatoka? Nijibu neno moja tu, nitaliamini.

Mdogo wako

6 Machi

Mdogo wangu,

Hajatoka.

Neno lako ndilo hilo. Haya yanayofuata ni ya kukutuliza. Yule muuza mboga macho yake yamekwisha, juzi ameniita kwa jina la marehemu mama mkwe wake. Asubuhi hiyo anayoisema Baba alikuwa mezani na kufuli la baiskeli, anabishana nalo.

Meza yangu ya pasi nimeihamishia uani, karibu na geti, kwa sababu ya upepo. Na getini nimefunga kengele, wateja wangu wamelalamika kwamba hodi zao sizisikii. Kwa hiyo ukipiga simu ukasikia kengele kengele, usishtuke.

Baba anakula vizuri. Muuza mboga akikupigia tena usimpokee, mama wa watu ana shughuli zake.

Dada yako

15 Machi

Mdogo wangu,

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mwisho Alhamisi asubuhi, nakuandikia kabla hujaambiwa na mwingine.

Baba ametoka. Si mara moja. Ameanza kutoka wiki ile ile tulipotundika kufuli lako. Analifungua kwa waya wa henga, zile ninazotundikia nguo za wateja wangu, na akishatoka analifunga tena kwa nje, kwa sababu fundi haachi geti la mtu wazi. Ndiyo maana sikugundua mapema. Nageuka, geti limefungwa, moyo umetulia, kumbe mwenyewe yuko barabarani.

Nilipomgundua nilimfuata kimyakimya. Alikuwa anakwenda dukani kwake, lile ambalo sasa wanauza simu. Anasimama mbele yake kidogo, anatazama juu, anatazama chini, anageuka kurudi nyumbani. Nikaona hana madhara. Ulipouliza nilijua ukweli ungemtoa nyumbani, nikakudanganya. Nikafunga kengele, nikahama na meza, nikadhani nimemaliza.

Alhamisi nilikuwa na sare za shule nzima. Niliingia ndani kuchukua maji. Kengele aliikuta imefungwa kwa kamba, akaifungua kwanza, akaiweka chini polepole.

Duka la simu lilikuwa bado halijafunguliwa. Baba akatia waya kwenye kufuli la mlango. Mpita njia mmoja akapiga kelele, "Mwizi!" Wewe unajua neno hilo likishatoka linavyokusanya watu. Nilipofika walikuwa wamemzunguka, shati limechanika, mdomo umepasuka, na mwanamume mmoja ameshika jiwe. Nilikuwa nasukuma migongo ya watu na sauti haitoki. Aliyepiga kelele badala yangu ni msusi wa saluni ya pembeni: "Mnamuua Fundi Kufuli! Huyo ndiye aliyemtoa mwanangu alipojifungia ndani na jiko linawaka!" Mmoja akarudi nyuma, mwingine naye, hadi jiwe likaachwa chini.

Na Baba, mdogo wangu, hakuwa analia. Damu inamtiririka kidevuni, anawatazama wale watu waliotaka kumuua, anawaomba radhi. "Samahanini jamani, nimechelewa kufungua. Pangeni mstari, nitawahudumia wote."

Nesi alipokuwa anamshona mdomo aliniuliza, "Alikuwa anakwenda wapi?" Nikamwambia, kazini. Akasema, "Basi mpango wako una tundu. Umempa kazi, hukumpa kwenda kazini." Ni kweli. Maisha yake yote fundi yule aliamka, akavaa, akatoka, akasalimia watu njiani. Mimi nikamwekea meza chumbani nikadhani hiyo ndiyo kazi.

Ninajua sharti lako. Nimelivunja mimi, hakulivunja yeye. Naomba siku zilizobaki za Machi. Nitakuwa natoka naye mwenyewe kila asubuhi, nitazungumza na mwenye duka, nitazungumza na kila mtu wa mtaa huu. Nakuomba. Unajua mimi si mtu wa kuomba.

Dada yako

18 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua imefika. Pole sana, na Baba mpe pole. Sina la kusema kwenye karatasi. Nakuja tukae tuongee kama watu wazima, hakuna kitakachoamuliwa bila wewe. Usilie.

Mdogo wako

22 Machi, juu ya meza yako ya pasi

Dada,

Nilifika mapema kuliko nilivyokwambia. Nilingoja pale kituo cha mafuta mpaka nikakuona unapita na mzigo wa sare, nikaingia kwa ufunguo wa akiba wa kufuli lile, niliobaki nao. Nimemchukua.

Hakukataa. Nilimwambia kuna mteja mlango umemkwama, anamsubiri. Akauliza ni mlango wa aina gani. Nikamwambia wa mbao. Akachukua miwani, akapanda gari, sasa yuko mbele na dereva, anamweleza habari za vitasa, nami naandika haya kwa haraka kama mwizi.

Najua niliandika kwamba hakuna kitakachoamuliwa bila wewe. Lakini tangu niisome barua yako ya Alhamisi, kila nikifumba macho naona lile jiwe. Lingemshukia kichwani ungeniandikia barua gani? Nichukie, Dada. Nichukie ukijua yuko hai.

Mdogo wako

25 Machi

Wewe,

Nilirudi nikakuta ufagio umelala katikati ya uwanja, hajamaliza kufagia. Nilimtafuta chini ya kitanda. Chini ya kitanda, mtu mzima na akili zangu! Nilikimbia mpaka duka la simu, nikarudi, ndipo nikaona karatasi yako.

Mimi nilikudanganya wewe. Wewe umemdanganya yeye. Umemwita kazini ili ukamfungie, na alikufuata kwa sababu fundi hakatai mteja aliyekwama. Hilo sikulitegemea kwako.

Mwambie matroni hapendi chai ya moto sana. Mwambie jioni aimbiwe vibaya. Ukimwambia hivyo atakuona mwendawazimu, mwambie tu.

Usiniandikie.

Binti wa Baba asiye na mtoto mwingine

2 Aprili

Dada,

Ulinikataza kuandika. Nisome hii kisha unikataze tena.

Kwa juma la kwanza matroni alinipigia kila jioni: mzee hana tatizo, mzee ametulia. Nilifurahi. Nilimwambia dereva, umeona? Nililala usingizi ambao sikuupata tangu Februari. Jana nikaenda kumtembelea, nimechukua ruhusa ya siku nzima.

Kweli ametulia. Wamemnyoa vizuri, nguo safi, mshono mdomoni umepona. Walikuwa kwenye mpira laini. Mpira ukamfikia, akaushika, akamrudishia aliyeutupa bila hata kumtazama. Kisha wakamrudisha chumbani, wakafunga mlango kwa nje kama wanavyofunga milango yote wakati wa kupumzika. Kuna kioo kidogo cha kuchungulia. Nikachungulia.

Ameketi mbele ya mlango. Kitasa kiko pale, usawa wa macho yake, kitasa cha hovyo ambacho hata mimi ningekifungua kwa kijiko. Hakukigusa. Dada, hakukitazama. Nilisimama pale nikiwa namwomba moyoni, Baba kitikise, kitikise tu mara moja. Aliketi mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina na amesahau jina lenyewe.

Niliingia nikampa kufuli la begi langu. "Fundi, hili limenikatalia," nikasema, vile ulivyoniandikia. Akalipokea. Akalishika. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Hiki ni kitu gani?"

Nilikwenda kulia kwenye choo cha wageni. Matroni akanifuata, akaniambia wengi huanza hivyo, kwamba huko ndiko kuzoea. Ni mwanamke mwema, simlaumu. Anao wazee wengi na mikono michache. Lakini mimi kazi yangu ni kuona ajali, na hii niliiona nikiwa nimechelewa.

Nilitaka atulie. Ametulia. Njoo tumrudishe nyumbani. Sithubutu kumchukua tena peke yangu.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu Kofia Ngumu,

Umeona nimelirudisha jina lako. Sijakusamehe yote, nimekusamehe nusu. Nusu nyingine nitaimaliza taratibu, mimi si mtu wa haraka.

Ulipoondoka siku ile baada ya kumrudisha ulinilazimisha niahidi kukwambia ukweli hata ukiwa mchungu, basi huu hapa. Wiki zote hizi zimekuwa mbaya. Kila asubuhi nilimvalisha, nikamshika mkono, tukatoka. Alitembea kwa sababu nilimvuta. Mwenye duka la simu, kijana wa watu, ana aibu mpaka leo kwa lile jambo, ametuwekea kiti mlangoni, na watu wakipita wanamwita, "Fundi, habari za kazi?" Hakujibu. Nyumbani nilipiga hodi na makufuli, nikapiga hodi mpaka vidole vikaniuma. Alinipokea, akayaweka mezani, akakunja mikono. Jioni hakulia. Ningelipa chochote alie. Nesi akaniambia nijiandae, huenda alichokiacha huko hakirudi tena. Nilikubali. Kwa mdomo nilikubali.

Leo asubuhi nilikuwa napiga pasi. Nikageuka kumwambia tujiandae tutoke, sikumwona. Si sebuleni, si chumbani, si bafuni. Geti limefungwa.

Mdogo wangu, nilicheka. Peke yangu uani, pasi mkononi, nilicheka kama mwehu mpaka jirani akachungulia ukutani. Kisha nikakumbuka kuogopa, nikakimbia.

Lori moja lilinipigia honi nusura linivunje miguu. Nilimkuta ameshafika, ameketi kwenye kiti chake, anamgombeza yule kijana kwamba kufuli la duka lake amelitia mafuta ya kupikia. Akaniona nahema. "Mama," akasema, "ingia kwenye mstari, kuna watu wamekutangulia."

Nikaingia kwenye mstari. Kesho nitaanza kuamka kabla yake, na nimemwomba msusi aangalie upande wa kituo cha mafuta, lakini kuna siku atatuzidi wote, na siku hiyo sijui itaishaje. Nimelifikiria hilo na bado namtaka atikise milango.

Umesema likizo yako inaanza Jumatatu. Njoo na viatu vya raba. Zamu ya kukimbia ni yako.

Dada yako